Tao la Mviringo, Udongo wa Katanga

Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, katikati ya Lubumbashi, lilijengwa karibu mwaka 1920, wakati mji wenyewe ulikuwa na umri wa miaka kumi hivi na ungali ukiitwa Élisabethville. Walioisimamia kazi hiyo ni Wabenedikto waliotoka abasia ya Mtakatifu Andrea karibu na Bruges, Ubelgiji, na kuta zake ni za matofali ya kuchoma. Aliyesoma historia ya ujenzi wa Ulaya hapati taabu kulitafutia ukoo. Ni kitukuu cha mtindo wa romaneska, ule wa kuta nene na matao ya mviringo uliotapakaa vijijini Ulaya ya magharibi kati ya mwaka 1000 na 1200 hivi. Kwa sababu ya ukoo huo watu hutoa hukumu mbili zinazogombana. Wapo wanaosema kwamba hiki ni kipande cha Ulaya ya kale kilicholetwa kwa treni, basi kitunzwe kwa heshima ya huko kilikotoka. Wapo pia wanaosema kwamba, kwa kuwa ni kipande cha Ulaya, hakituhusu, na kikianguka kianguke. Pande zote mbili zinakubaliana bila kujua kwamba urithi wa jengo ni umbo lake. Hapo ndipo ninapotofautiana nazo. Makanisa ya vijiji ya zama za romaneska yalirithisha zaidi namna ya kujenga kuliko sura: kuchukua kilicho chini ya miguu, kukishikanisha kwa chokaa, na kukipandisha kwa mikono ya watu wa mahali. Kwa kipimo hicho kanisa la Lubumbashi ni jengo la Kikatanga, na sehemu ya ujuzi uliolisimamisha ilikuwapo Katanga karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kufika.

Tuanze huko Ulaya, kwa sababu makanisa hayo husifiwa sana na kuangaliwa kidogo. Katika bonde la mto Meuse, Ubelgiji, yamo mawili yanayotosha kwa hoja hii: lile la Hastière, lililoanza kujengwa miaka ya 1030, na lile la Celles, la karne hiyohiyo ya 11. Yote mawili ni ya mawe ya chokaa yaliyochimbwa katika vilima vya jirani. La Celles lina mnara mnene upande wa magharibi unaofanana na ngome kuliko nyumba ya ibada, na madirisha yake ni membamba, kwani mwashi wa siku zile alijua kwamba kila tundu analolitoboa linaupunguzia ukuta nguvu. Katika bonde hilo mafundi wengi hawakujaribu hata kufunika ukumbi kwa kuba la mawe. Walitandika dari bapa la mbao, maana misitu ilikuwapo na mbao ni nyepesi. Ukivuka kwenda Burgundy, Ufaransa, ambako mawe yalipatikana kwa namna nyingine na moto ulikuwa umeteketeza mapaa mengi, utakuta kuba. Ukienda kaskazini mwa Italia, kwenye nyanda za mto Po zisizo na mawe, utakuta matofali. Mtindo tunaoupa jina moja ulikuwa kwa hakika majibu mengi ya swali moja, nalo ni hili: hapa tulipo kuna nini, na kwa hicho tutapata nyumba gani itakayowazidi umri wajukuu wetu? Hakukuwa na msanifu aliyetuma michoro kutoka mbali. Palikuwa na fundi mkuu, kamba, timazi, na wanakijiji waliobeba mawe, wengine kwa hiari na wengine kwa shokoa waliyodaiwa na bwana wao. Jambo hilo la shokoa nitalirudia, kwa kuwa linahusu Katanga kuliko tunavyopenda kukiri.

Tao lenyewe lina sababu zake. Jiwe au tofali hustahimili sana kugandamizwa, lakini likivutwa hupasuka. Mhimili uliolala juu ya mlango huvutwa upande wake wa chini, kwa hiyo unahitaji ubao mgumu, chuma, au zege lenye nondo. Tao hubadilisha uzito wote kuwa mgandamizo. Kila tofali humsukuma mwenzake hadi uzito ufike chini, na kinachotakiwa ni kuta nene pembeni za kuuzuia usukumaji huo. Fundi hufunga umbo la mbao, hupanga matofali juu yake, na chokaa ikishashika huondoa mbao na kuzipeleka kwenye tao linalofuata. Sasa uweke ujuzi huo katika Élisabethville ya siku zile. Reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910, na kila ratili ya chuma au simenti iliyoingia ilikuwa imesafiri kutoka bandari za kusini mwa Afrika kwa siku nyingi, ikishindania mabehewa na makaa ya Wankie yaliyohitajika kwenye tanuru za kampuni ya madini ya Union Minière, ambazo zilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Kiwanda cha simenti cha Lubudi kilikuwa bado. Kilianzishwa katika miaka ya 1920. Reli ya kwenda Kasai ilikamilika mwaka 1928, na ile ya Benguela mwaka 1931. Mjenzi wa mwaka 1920 alikuwa katika hali ileile ya mjenzi wa Celles, yaani vya mbali ni ghali, vya karibu ni vingi. Tao la mviringo la matofali lilikuwa jawabu la akili kabla ya kuwa jawabu la kumbukumbu.

Sikatai kwamba kumbukumbu ilikuwapo. Abasia ya Mtakatifu Andrea, inayojulikana pia kwa jina la Zevenkerken, ilianza kujengwa mwaka 1899 kwa maumbo ya romaneska, kwa makusudi ya kukumbusha mabasilika ya Roma. Uchaguzi huo haukuwa wa kawaida, maana Wakatoliki wengi wa Ubelgiji wa wakati ule walishikilia mtindo wa gothiki, wenye matao yaliyochongoka. Abasia ya Maredsous, iliyoanzishwa mwaka 1872, ndiyo mfano wao mkubwa. Jean-Félix de Hemptinne, mzaliwa wa Ghent wa mwaka 1876, aliyepewa Prefektura ya Kitume ya Katanga mwaka 1910 na kuiongoza hadi kifo chake mwaka 1958, aliletwa na utawa ulioziangalia zama za kati kama zama za mpangilio: watawa katikati, mashamba na mafundi pembeni, kengele ikigawa siku. Katika mji wa wachimba madini, wenye baa, wafanyabiashara Wagiriki na Wayahudi, vibarua kutoka Luapula, Lomami na Kasai, na wazungu waliopanga kukaa miaka mitatu wachume waondoke, mtawa aliyejenga ukuta mnene alikuwa akitoa tamko: sisi hatuondoki. Lakini tamko ni la aliyeagiza. Jengo lina zaidi ya nia ya aliyeliagiza, na hapo lazima tuutazame udongo.

Anayepita nje ya Lubumbashi huona vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba, vimetawanyika katika miombo na hata katikati ya mitaa. Mchwa huchagua udongo laini kutoka chini, huupandisha, huuchanganya na mate yake, na matokeo yake ni udongo wa mfinyanzi uliochekechwa tayari, usio na kokoto. Wafyatuaji wa matofali wa mji huu wameutegemea tangu siku za kwanza na wanautegemea hadi leo: huvunja kichuguu, huulowanisha udongo, huukanyaga, huutia katika kalibu, huanika, kisha hupanga matofali yenyewe yawe tanuru na kuwasha kuni chini yake. Lakini udongo huo ulikuwa na kazi kabla ya matofali. Wayeyushaji wa shaba wa Katanga, Wasanga na baadaye Wayeke wa mfalme Msiri, waliuchukua huohuo wa kichuguu kujengea tanuru zao, kwa sababu haupasuki upesi kwenye moto mkali. Ajabu ni kwamba miongoni mwa walioiandika habari hiyo ni de Hemptinne mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1926 kuhusu watu aliowaita walaji wa shaba wa Katanga. Mtu aliyesimamia ujenzi wa makanisa kwa matofali ya nchi hii alikuwa na maelezo ya kutosha kujua kwamba kupika udongo mpaka uwe mgumu na kuutawala moto haikuwa elimu aliyoshuka nayo kutoka kwenye treni.

Na elimu hiyo ilikuwa na umri gani? Kwenye kingo za ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, Jacques Nenquin alichimba makaburi ya Sanga mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Walichokikuta kinaeleza jamii iliyozika wafu wake pamoja na vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, mapambo ya shaba, na zana za chuma, kuanzia karne ya 8 hivi hadi ya 13. Baada ya hapo huanza kuonekana makaburini misalaba ya shaba, kwanza mikubwa iliyolazwa kifuani mwa maiti, kisha midogo zaidi na zaidi, inayolingana kwa ukubwa na kuwekwa mikononi au kiunoni. De Maret ameonyesha kwamba mwendo huo wa kupungua na kufanana ni dalili ya kitu kilichoanza kama alama ya cheo kikaishia kuwa fedha ya matumizi. Weka tarehe hizi kando ya zile za Hastière na Celles. Waashi wa bonde la Meuse walipokuwa wakikoroga chokaa, mafundi wa Upemba walikuwa na tanuru, wafinyanzi na njia za biashara zilizofika hadi kwenye machimbo ya shaba ya kusini. Zama za kati zilizomo katika kuta za Lubumbashi ni za pande mbili, na upande wa Katanga hautajwi kwa sababu tu hakuna umbo la paa tunaloweza kulinyooshea kidole.

Mpinzani wa kwanza atasema kwamba hata hivyo jengo ni nakala. La Celles ni la asili. La Lubumbashi ni la kuigiza, tena limeigiza abasia iliyokuwa nayo inaigiza Roma. Hoja hii ina nguvu kwa anayeamini kwamba huko Ulaya mambo ya asili yamekaa pale yalipozaliwa. Hayakukaa. Katika bonde la Boí, kwenye milima ya Katalonia, makanisa ya vijiji ya romaneska yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mashuhuri kati yao ni Sant Climent la Taüll, lililowekwa wakfu mwaka 1123. Michoro yake ya ukutani, ile inayochapishwa katika kila kitabu cha sanaa ya zama hizo, haipo Taüll. Ilibanduliwa kati ya mwaka 1919 na 1923, ikahifadhiwa Barcelona ili isinunuliwe na wafanyabiashara wa Marekani, na kijijini pakachorwa nakala. Siku hizi picha huangaziwa ukutani kwa taa za projekta. Hivyo basi, katika miaka ileile ambayo kanisa la Lubumbashi lilikuwa linapanda tofali juu ya tofali, kanisa la asili la Taüll lilikuwa linavuliwa ngozi yake. Hata kanisa la Mtakatifu Gertrude la Nivelles, lililowekwa wakfu mwaka 1046 mbele ya mfalme, lilibomolewa kwa mabomu mwezi wa Mei 1940 na likajengwa upya kwa miongo kadhaa. Wabelgiji hawasemi kwamba si lao tena. Na wajenzi wa karne ya 11 wenyewe walikuwa waigaji wakubwa: waliyatazama magofu ya Kirumi, wakayaiga kadiri walivyoweza, na pale waliposhindwa ndipo walipopata kitu chao. Anayedai asili isiyo na kuiga atakosa jengo hata moja la kulitetea.

Mpinzani wa pili ana neno zito zaidi, na sitaki kulipita haraka. Atasema kwamba ukuta huu haukuwa wa udongo tu, ulikuwa wa utawala. Katika Katanga ya mkoloni, Serikali, Kanisa na Union Minière walitembea pamoja, na kanisa kuu lilisimama katika mji wa wazungu, uliotenganishwa na mitaa ya Waafrika kwa ukanda wa ardhi tupu ulioitwa wa kinga ya afya. Kutoka Kamalondo, mmoja wa mitaa hiyo, kwenda katikati ya mji ilikuwa ni kuvuka mpaka. Shule za kambi za Union Minière zilikabidhiwa kwa wamisionari Wakatoliki, na mtoto wa mfanyakazi alifundishwa kusoma na kutii katika darasa hilohilo. De Hemptinne hakuwa mtazamaji wa kando katika mpango huo. Alikuwa mmoja wa watu wenye nguvu kabisa katika jimbo zima. Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma kudai mshahara walipigwa risasi katika uwanja wa mpira wa mji huu, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Miaka michache baadaye Placide Tempels, Mfransisko, alipochapisha Élisabethville mwaka 1945 kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, uadui mkubwa aliokutana nao ulitoka kwa askofu huyuhuyu aliyekuwa ameandika kwa makini juu ya wayeyushaji wa shaba. Kusifu mikono ya Mwafrika kulimwia rahisi. Kukubali kwamba mikono hiyo inaongozwa na fikra kulimshinda.

Yote hayo ni kweli, na mtetezi wa jengo anayeyaficha anajidhuru mwenyewe. Lakini je, yanathibitisha kwamba jengo si letu? Nadhani yanathibitisha kinyume chake. Wanakijiji wa karne ya 11 nao walibeba mawe kwa amri, walilipa zaka bila kuulizwa, na mnara wa Celles ulimlinda bwana kabla ya kumlinda mkulima. Wajukuu wao hawakuyaacha makanisa kwa sababu hiyo. Waliyadai, kwa hoja kwamba jasho lililoyajenga lilikuwa la kwao. Sheria ya umiliki na historia ya umiliki si kitu kimoja. Jina la aliyetoa amri lilichongwa penye jiwe la msingi, huku jina la aliyefyatua tofali likipotea, kwa hiyo tofali lenyewe ndilo hati pekee iliyobaki ya kazi yake. Ukilibomoa jengo kwa hasira dhidi ya askofu, utafuta ushahidi wa kibarua, na kumbukumbu ya askofu itabaki salama katika maktaba za Ubelgiji. Hesabu hiyo haimfaidi mtu wa Kamalondo.

Isitoshe, watu walilijaza jengo hilo mambo ambayo aliyeliagiza hakuyapanga yote. Mwaka 1937 Dom Anschaire Lamoral alianzisha Élisabethville kwaya ya wavulana iliyobeba jina la msalaba wa shaba, ule uleule wa makaburi ya Upemba, na humo ndimo alimofanyia kazi Joseph Kiwele, mzaliwa wa Mpala kando ya Tanganyika, aliyejifunza muziki wa kanisa kisha akatunga misa iliyochukua sauti za Katanga. Kiwele baadaye alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Katanga iliyojitenga, na akatunga wimbo wake wa taifa. Mtu anaweza kuipinga siasa hiyo, lakini hawezi kusema kwamba muziki wake uliletwa kwa treni. Mwaka 1959 vikarieti, iliyokuwa imechukua nafasi ya ile prefektura, ikawa jimbo kuu. Mwaka 1967 Eugène Kabanga akawa askofu mkuu, na mwaka 1976 akatoa barua ya kichungaji iliyotetea utu wa mtu mbele ya utawala wa Mobutu, wakati ambapo kunyamaza kulilipa vizuri zaidi. Kiti kilichotumika kuusaidia utawala wa kikoloni kilitumika kuukemea utawala uliofuata. Kuta zilikuwa zilezile.

Ikiwa hoja hii inasimama, basi namna ya kulitunza kanisa hili inabadilika, na hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko ile ya kubomoa. Hatari ni ukarabati wa haraka. Ukuta wa zamani wa matofali yaliyochomwa kwa kuni hunywa maji wakati wa masika, ambayo huiletea Lubumbashi takribani milimita 1,200 za mvua kati ya Oktoba na Aprili, na huyatoa polepole wakati wa kiangazi kupitia chokaa laini ya viungo vyake. Ukipigwa lipu ya simenti, maji huingia penye nyufa ndogo na hukosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, uso wa tofali humenyuka, na baada ya misimu kadhaa simenti hudondoka na vipande vya tofali vimeshikamana nayo. Mafundi wa Ulaya waliligundua jambo hili kwa hasara kubwa katika makanisa yao ya vijiji, walikopiga simenti bila hesabu katika karne ya 20 na sasa wanaibandua kwa patasi. Hatuna sababu ya kulipia somo ambalo wengine wamekwisha kulilipia, hasa katika mkoa wenye mawe ya chokaa ya Kakontwe, karibu na Likasi, ambayo yamechimbwa na kuchomwa kwa ajili ya viwanda vya shaba kwa miaka mingi.

Yupo atakayeuliza kama ni haki kuchoma matofali mapya kwa kuni wakati miombo inayozunguka jiji inakwisha kwa ajili ya makaa. Swali ni la haki, na jibu lake linapatikana katika idadi. Kuziba sehemu zilizoharibika za ukuta kunahitaji tanuru moja ndogo, au hata matofali ya nyumba za zamani zinazobomolewa mjini kila mwaka kupisha maghorofa, ambayo mara nyingi ni ya umri na kipimo kilekile. Kubomoa kanisa na kujenga jipya la zege kungetaka simenti, nondo na mafuta ya malori kwa kiasi ambacho hakuna mti unaopandwa leo utakaokifidia upesi. Moto uliopika matofali ya mwaka 1920 umekwisha kulipiwa.

Sheria ya kulinda mali za utamaduni ipo tangu Machi 15, 1971, nayo inaruhusu majengo ya aina hii kuorodheshwa. Lakini faili la orodha kwa kawaida huandika jina la mtakatifu, jina la askofu, mwaka na mtindo, kisha hufungwa. Faili la kanisa hili linapaswa kuwa na kurasa nyingine: kipimo cha tofali, rangi yake ndani na nje, uchunguzi wa udongo wake ukilinganishwa na ule wa vichuguu vya jirani, uwiano wa chokaa na mchanga katika viungo, unene wa matao na alama za mbao zilizoyabeba. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wataalamu wa udongo na wa historia, na jumba la makumbusho la jiji lina misalaba ya shaba ya kulinganishia. Wafyatuaji wapo pembezoni mwa mji, na kalibu zao zinatumika kila kiangazi. Waitwe nao, waulizwe wanachokijua kuhusu udongo wa zamani na moto wake, na majina yao yaandikwe katika faili hilohilo lenye jina la askofu.